Nkongolo Hana Mabawa: Joka, Moto na Mvua katika Fikra za Katanga

Mtaa wa Golf mjini Lubumbashi ulipewa jina kutokana na kiwanja cha mchezo wa gofu, na sehemu yake moja huitwa Golf Météo, jina linalokumbusha kazi ya kupima mvua na upepo. Katika majira ya mvua, tangu Novemba hadi Machi au Aprili, mvua kubwa ya mchana ikikatika na jua la alasiri likapenya chini ya mawingu, upinde wa mvua huonekana upande wa mashariki. Mwanafunzi wa fizikia ataueleza kwa habari ya nuru na matone. Lakini katika Kiluba, lugha yenye wasemaji wengi mjini humo, kitu hicho huitwa nkongolo, na nkongolo si upinde. Ni nyoka.

Makala haya yanachunguza swali ambalo wengi hulidhani kuwa la kitoto: kiumbe kikubwa cha jinsi ya joka kinawezaje kupanda angani, na moto wake unatoka wapi? Swali hili limewashughulisha wanasayansi na watunzi wa Ulaya na Marekani, ambao wameliundia elimu nzima ya kubuni. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba Katanga nayo ilikuwa na elimu yake ya jambo hilohilo, iliyo makini kuliko inavyodhaniwa, na kwamba waandishi wa enzi ya ukoloni waliipita kando kwa sababu walikuwa wakitafuta mnyama mwenye mabawa.

Neno na kitu

Kiswahili cha pwani kimeliangalia jambo hili kwa umbo lake. Upinde ni silaha ya mwindaji, na upinde wa mvua ni mkunjo uleule uliotundikwa mawinguni. Kamusi za zamani zina pia kisiki cha mvua, usemi wenye fikra zaidi kuliko unavyoonekana mara ya kwanza, kwani mvua hukatika, na kitu kikikatwa hubaki kisiki. Kibemba, kinachosemwa kusini-mashariki ya Katanga na ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kina mukolamfula, neno ambalo ndani yake mfula, yaani mvua, inasikika wazi. Lugha hizi jirani zinautazama upinde kwa uhusiano wake na mvua. Kiluba kimekwenda hatua moja mbele na kumtaja anayeizuia.

Neno joka nalo ni ukuzaji wa nyoka tu. Halina mabawa ndani yake wala moto. Joka mwekundu wa sura ya 12 ya kitabu cha Ufunuo, ambaye Wakristo wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wamejifunza neno hili kwake, hatemi moto hata kidogo. Kinachotoka kinywani mwake ni maji. Anayetoa moto ni lewiathani wa sura ya 41 ya kitabu cha Ayubu, na makazi yake ni majini. Joka arukaye na kutema moto kwa wakati mmoja, aliyezoeleka kwa vijana kupitia sinema na vitabu vya hadithi, ni mkusanyiko wa sifa zilizokuwa zimetawanyika, na mkusanyiko huo si wa lazima. Inafaa kukumbuka hivyo kabla ya kumwuliza Mluba kwa nini joka lake halina mabawa.

Nyoka wa mito miwili

Habari za nkongolo zilikusanywa zaidi na wamisionari na maofisa wa Kibelgiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Baadaye zilichambuliwa na mwanaanthropolojia wa Ubelgiji Luc de Heusch katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya mfalme mlevi na asili ya dola. Masimulizi hutofautiana baina ya mahali na mahali, lakini kiini chake ni hiki: nyoka ni wawili, dume na jike, kila mmoja akikaa katika mto wake. Wanapokutana, huinuka na kuungana juu. Pumzi yao ni ya moto, nao huunguza mvua na kuizuia isinyeshe. Basi mnyama huyu ni wa maji, na hapohapo ni adui wa mvua.

Jina hilohilo ndilo la mtawala wa kwanza katika masimulizi ya asili ya dola ya Waluba. Nkongolo, mfalme mwekundu, anasimuliwa kuwa mkatili na asiye na adabu ya kifalme. Anafikiwa na mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, ambaye anazaa na dada zake. Mtoto mmojawapo, Kalala Ilunga, anakua na kumpindua mjomba wake. Nkongolo anakimbia, anakamatwa na kukatwa kichwa, na kichwa hicho kinafunikwa na kichuguu cha udongo mwekundu. De Heusch aliyasoma masimulizi haya kuwa mabishano ya majira mawili, kiangazi upande wa Nkongolo na mvua upande wa ukoo wa mwindaji. Mwanahistoria Thomas Reefe, aliyeandika historia ya dola ya Waluba mwaka 1981 na kuuweka upinde wa mvua katika anwani ya kitabu chake, alikuwa na tahadhari zaidi: aliyatazama masimulizi hayo kama hati ya uhalali wa watawala waliokuja baadaye, si kama kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeishi. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kwa madhumuni ya makala haya linalohitajika ni moja tu, nalo ni kwamba moto wa nyoka ulikuwa jambo zito kiasi cha kubebeshwa maana ya utawala.

Mnyama aliyetafutwa badala yake

Wakati habari hizo zikikusanywa, msomaji wa London alipata joka mwingine kutoka eneo lilelile. Mwaka 1923 Frank Melland, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Uingereza katika Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha kitabu juu ya Wakaonde na majirani zao wa kaskazini-magharibi ya nchi ambayo leo ni Zambia. Wakaonde wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Katanga ni kwao pia. Humo Melland alieleza habari za kongamato, kiumbe chenye kuogofya kilichosemwa kuwa kinakaa kwenye vivuko vya mito na katika kinamasi cha Jiundu. Jina lake linafasiriwa kuwa mwenye kupindua mitumbwi. Watu walikuwa na dawa ya kujikinga nacho wavukapo mto.

Melland aliuliza kinafananaje, akajibiwa kuwa ni kama ndege, au tuseme kama mjusi mwenye mabawa ya ngozi mithili ya popo. Kisha akawaonyesha watu picha, zikiwamo za mijusi warukao wa kale, yaani pterosauri, nao wakaichagua picha hiyo. Tangu hapo kongamato amezunguka dunia nzima kama pterosauri aliyesalia hai, na wasafiri wamemtafuta katika vinamasi bila kuleta mfupa mmoja. Wapo waliodokeza kwamba habari za mifupa iliyochimbuliwa na Wajerumani huko Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, zilichangia kuipamba hadithi. Kinachowezekana zaidi ni jambo la kawaida: anayeonyeshwa picha ya mnyama mwenye mabawa ya ngozi baada ya kusema habari za mabawa ya ngozi ataichagua picha hiyo.

Lakini kosa kubwa la utafiti ule halikuwa picha. Katika maelezo ya Wakaonde aliyoyaandika Melland mwenyewe, kongamato hufanya kazi yake kwa kuyasimamisha maji ya mto, yakafura ghafla na kuuzamisha mtumbwi. Huyu ni mnyama wa mto na mafuriko, ndugu wa nkongolo kwa tabia japo si kwa umbo. Maelezo ya utendaji wake yalikuwamo kitabuni, yakasomwa haraka; maelezo ya mabawa yakarudiwa kwa miaka 100. Swali "je, yupo?" lilimeza swali "hufanyaje kazi?", na hilo la pili ndilo lililokuwa na elimu ndani yake.

Hesabu ya uzani na hesabu ya moto

Ili kupima thamani ya jibu la Waluba, ni vema kwanza kuona jibu la pili linavyogharimu, yaani la joka mwenye mabawa. Kikwazo chake cha kwanza kilielezwa na Galileo mwaka 1638 alipoandika juu ya mifupa ya wanyama wakubwa. Mnyama akirefushwa mara mbili bila kubadilishwa umbo, eneo la mabawa yake huongezeka mara 4, lakini uzani wake huongezeka mara 8. Ndiyo sababu tandawala mkubwa wa mbuga za Afrika, ambaye dume lake hufikia kilo 18 hivi, yumo miongoni mwa ndege wazito kuliko wote warukao leo, naye hupaa kwa shida na kutua upesi. Kiumbe kikubwa kabisa kinachojulikana kuwa kiliwahi kuruka ni pterosauri aitwaye Quetzalcoatlus, aliyegunduliwa Texas mwaka 1971; mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 10 au 11, na wataalamu wengi humkadiria kilo 200 hadi 250. Joka wa hadithi, mwenye magamba na mkia na tumbo la kumeza ng'ombe, hawezi kuwa chini ya kilo 1,000.

Mwandishi Mwingereza Peter Dickinson alijaribu kukikwepa kikwazo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya kuruka kwa majoka. Kwa maoni yake joka alikuwa puto lenye uhai: tumbo lake lilijaa haidrojeni iliyotokana na asidi kuila kalisi ya mifupa, na moto ulikuwa njia ya kuipunguza gesi hiyo atakapo kushuka. Wazo hili ni la kupendeza kwa sababu linaeleza mambo mawili kwa sababu moja, kama nadharia nzuri ipasavyo. Bahati mbaya mfupa si kalisi tupu bali ni fosfati ya kalisi, na asidi ikikutana nayo haitoi haidrojeni.

Tuseme gesi imepatikana. Penye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya haidrojeni huinua kilo 1.1 hivi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi zaidi, hata mita hiyohiyo ikainua chini kidogo ya kilo 1. Joka wa kilo 1,000 anayetaka kuelea juu ya Golf anahitaji basi mfuko wa gesi wenye zaidi ya mita 10 kwa urefu, upana na kimo. Hilo ni jumba la ghorofa tatu lenye kichwa, na dhoruba moja ya Desemba ingelipeleka Kipushi bila ridhaa yake.

Moto una masharti matatu: kitu cha kuungua, hewa, na cheche. Cha kustaajabisha ni kwamba Kongo na majirani zake wana viumbe na mahali penye kila sharti, kimoja kimoja. Ng'ombe hutoa metani lita mia kadhaa kwa siku. Ziwa Kivu limeficha vilindini mwake kilomita za ujazo 60 hivi za metani, na upande wa Rwanda gesi hiyo inazalisha umeme. Ila metani huwaka tu ikiwa ni kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyochanganyika nayo; ikizidi au ikipungua, cheche haifui dafu. Cheche yenyewe ingeweza kuazimwa kwa kambare wa umeme wa mito ya Kongo, anayetoa hadi volti 350. Swila hurusha sumu yake mita mbili na zaidi kwa kuibana tezi kwa misuli, hivyo bomba la kurushia lipo. Na mdudu mdogo mmoja, mbawakawa mrushaji ambaye aina yake ya Kenya ilichunguzwa na Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, huchanganya kemikali mbili katika chumba cha tumboni na kufyatua mvuke wa nyuzi 100 za sentigredi, kwa mapigo ya mfululizo yapatayo 500 kwa sekunde. Huyu ndiye kiumbe aliyelikaribia joka kuliko wote. Urefu wake hauzidi sentimita mbili.

Kwa hiyo joka wa Ulaya hushindwa mara mbili: ni mzito kwa anga, na moto wake hauna mahali pa kuwashiwa pasipomchoma mwenyewe.

Nkongolo yuko huru na matatizo yote mawili. Haruki. Husimama, akiwa na mwili au pumzi yake kutoka mto hadi mto, na ndiyo maana ncha za upinde hugusa chini. Hahitaji kupuliza ndimi za moto, kwani moto wake ni joto linaloikausha mvua. Wapo ni wawili kwa sababu mwenye macho mazuri huona mara nyingi pinde mbili, ule wa pili ukiwa hafifu na rangi zake zimegeuzwa. Maelezo ya wakusanyaji hayatoshi kuthibitisha kwamba jozi ya dume na jike ilitokana na uchunguzi huu, lakini China ya kale, ambako pinde hizo mbili zilipewa majina mawili, la dume na la jike, na maandishi yake kuwekewa alama ya nyoka na wadudu, inaonyesha kwamba njia hiyo ya kufikiri ilipitwa na watu zaidi ya mmoja.

Palipokosewa

Nadharia hiyo ina kosa, na inastahili heshima ya kusahihishwa kama nadharia nyingine yoyote. Uhusiano wa upinde na kukatika kwa mvua ni wa kweli. Mfuatano wa sababu ndio uliogeuzwa. Upinde huonekana kwa kuwa mvua inaondoka na jua limepata upenyo. Kwamba nuru huvunjika ndani ya tone, ikajipiga ukutani mwa tone na kutoka ikiwa rangi mbalimbali, kulithibitishwa mwanzoni mwa karne ya 14 na watu wawili wasiojuana: Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na mtawa Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani. Wote wawili walitumia chupa ya mviringo iliyojaa maji kama tone lililokuzwa. Kabla yao wasomi wa Ugiriki na wa Uislamu walikuwa wamekosea kwa karne nyingi, tena wakiwa na vitabu.

Hesabu ya nuru inatoa kanuni ambayo mkazi wa Golf anaweza kuijaribu. Upinde hukaa kwenye pembe ya nyuzi 42 kutoka upande ulio mkabala na jua. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, upinde huzama chini ya upeo wa macho. Katika Lubumbashi ya mwezi Desemba, jua huwa juu ya kiwango hicho tangu saa tatu asubuhi hivi hadi kama saa tisa na nusu alasiri. Katika saa hizo, mvua inyeshe na jua liwake vipi, mtu aliyesimama uwanjani hataona upinde angani. Mwenye kushikilia nadharia ya nyoka angelazimika kusema kwamba mnyama huyo hulala mchana.

Moto uliokuwapo kweli

Kuna chombo kimoja katika Katanga kilichopumua moto bila hadithi. Mabaki ya uyeyushaji wa shaba huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, ni ya karne ya 4 hivi, na kazi hiyo iliendelea kwa vipindi hadi kuja kwa Wazungu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika mwaka 1926 juu ya walaji wa shaba wa Katanga, alieleza walivyokuwa wakichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga matanuri na kuyapulizia kwa mivukuto ya ngozi. Udongo wa kichuguu ulitumika kwa tanuri kwa kuwa hustahimili joto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na moto unaogusa shaba huwa na rangi ya kijani. Tarehe 30 Juni 1911 tanuri la Union Minière lilimwaga shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi, na mji uliozaliwa hapo, Elisabethville, ulikua chini ya bomba la moshi.

Kiumbe cha udongo mwekundu, chenye mapafu ya ngozi na pumzi ya moto, kinachofanya kazi katika majira yasiyo na mvua: ni vigumu kukitazama bila kumkumbuka mfalme mwekundu ambaye kichwa chake kiko chini ya kichuguu. Hata hivyo, kufanana si ushahidi. Hakuna masimulizi kati ya yaliyotajwa hapa yanayomwita nkongolo tanuri, na nchi ya asili ya dola ya Waluba iko kaskazini, mbali na machimbo makubwa ya shaba. Linaloweza kusemwa ni kwamba waliosikiliza habari za nyoka mwenye pumzi ya moto katika Katanga hawakuhitaji kubuni picha ya pumzi hiyo. Waliwajua mafundi walioitengeneza.

Nafasi ya Katanga katika historia ya majoka

Mwanaisimu Robert Blust wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyejulikana zaidi kwa kazi yake juu ya lugha za Kiaustronesia, alitoa mwaka 2000 hoja kwamba joka la dunia nzima lilitokana na upinde wa mvua uliofikiriwa kuwa nyoka. Kitabu chake kamili juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 2023, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hoja yake, sifa za joka zinazoonekana kupingana hupatana zikirudishwa kwenye upinde: hukaa majini na kwenye chemchemi, lakini huonekana angani, ni wa maji, lakini ana moto, kwa sababu upinde hauzaliwi ila mvua na jua vikutane. Wapinzani wa hoja za namna hii husema kwamba zinakusanya mengi mno kutoka mahali pengi mno, na lawama hiyo haikosi msingi.

Ushahidi wa Kiluba una uzito wa pekee katika mjadala huo. Mahali pengi hatua ya kutoka upinde hadi joka inabidi ikisiwe na mtaalamu, kwani huku kuna joka na kule kuna upinde. Katika Kiluba hakuna cha kukisia: neno ni moja, mnyama ni mmoja, na moto wake una kazi inayotajwa waziwazi, yaani kuikatiza mvua. Yaliyoandikwa juu yake, hata hivyo, yameandikwa zaidi kwa Kifaransa na Kiingereza, na yamekusanywa vijijini. Jinsi nkongolo anavyosimuliwa katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo Mluba, Mbemba na Mkaonde huishi ua mmoja na kila mmoja ana jina lake la kitu kilekile, ni kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza Golf alasiri yoyote ya Januari, baada ya saa tisa na nusu.